Nilivyosomea Mtihani wa Udaktari Dunguni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kuna nini. Ni siku niliyosimama juu ya dungu katikati ya mpunga, kule kwetu Mbuchi, nikawapigia ndege kelele za ateri na vena, na mzee wa dungu la pili akauliza kwa sauti iliyosikika bonde zima, "Huyo Vena ni mke wa nani?"

Lakini nikianzia hapo hutanielewa. Acha nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Kibiti, ambayo mimi nimekua nikiyaona na rafu tupu, yakajaa sabuni, sukari na vitenge. Mitumba ikamwagwa chini gulioni, watu wakawa wanachagua mashati huku wanacheka. Huku kwetu delta wakaja wanunuzi wa kamba na masanduku yao ya barafu, na vijana wengi wa rika langu wakawafuata. Kaka yangu Salumu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na redio, raba nyeupe na maneno ya Dar.

"We Zuhura," akaniambia, "bado tu unang'ang'ana na madaftari? Dunia imefunguka, dada yangu. Njoo tuuze kamba."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na alama zangu zilikuwa zimepungua kidogo tu, sikuchukuliwa moja kwa moja. Ila chuo cha udaktari kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia, wa kuandika na wa usaili, kwa watu kama mimi tuliobaki mlangoni. Ukishindwa hapo, basi, utafute kazi nyingine. Nilitaka udaktari tangu nikiwa mdogo, mwanangu, wala sitakupamba hadithi ndefu ya kwa nini. Nilikuwa nimemwona mkunga wa zahanati yetu akimtoa mama yangu hatarini, na mdogo wangu akalia akiwa hai, nikasema nami nataka kuijua kazi hiyo, tena niijue mpaka mwisho wake.

Aliyenisaidia ni Mwalimu Komba. Alikuwa Mngoni wa Songea, ameletwa Kibiti kufundisha baiolojia, mtu mpole, Mkristo wa kusali kila Jumapili, na mkewe akinipenda kama mdogo wake. Wakanipa chumba kidogo nyumbani kwao. Nilikuwa na meza, nina taa, nina vitabu vya mwalimu, nina utulivu. Nikajiambia, Zuhura, umeshafika.

Basi asubuhi moja nikamwona baba amesimama uani kwa mwalimu, suruali imekunjwa, miguu ina tope la safari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako kateguka mguu. Hawezi kupanda dungu, na mpunga umeanza kutia maziwa. Ndege wameshaingia."

Mtoto wa delta anajua maana yake. Mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea wanakuja makundi kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege halina mavuno. Salumu alikuwa kwenye biashara yake ya kamba. Baba mwenyewe alikuwa na shamba la pili la kulinda. Nilibaki mimi.

Nililia, mwanangu. Niliingia ndani nikalia kwenye mto wa watu. Mwalimu Komba akaja akasimama mlangoni, akaniacha mpaka nikanyamaza, kisha akasema, "Nenda, Zuhura. Chukua vitabu hivi viwili, vifunge kwenye nailoni visilowe. Vitabu havichagui pa kusomewa."

Nikamjibu kwa hasira, "Mwalimu, wewe hujawahi kuamia ndege."

Akatabasamu. "Niliamia. Kwetu tuliamia kwenye ulezi."

Tukapanda lori mimi na baba mpaka Ndundu. Daraja lilikuwa bado, tukangoja kivuko, tukavuka, tukashika njia ya Muhoro, na kutoka huko mtumbwi hadi kwetu. Njia nzima nilikumbatia vitabu vyangu, nikatazama pembeni. Baba hakunilazimisha kuzungumza.

Kama hujaliona dungu, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi ya miti, chini yako maji ya mto yakijaa yanapita na mpunga unayumba. Msimu ule wote watu wanahamia huko. Wanalala huko, wanapika huko, na kila dungu linaliona dungu lingine. Upande wangu wa kulia lilikuwa dungu la shangazi yangu, Shangazi Kidawa, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mdomo mkali na kicheko kikubwa kuliko mdomo wenyewe. Mbele yangu alikuwa Mzee Matimbwa, ambaye sauti yake peke yake ilitosha kufukuza ndege wa mashamba ya jirani. Na kushoto alikuwa Mwajuma, msichana wa umri wangu, ameshaolewa, ana mtoto mchanga anaitwa Shabani.

Siku ya kwanza nikafungua kitabu. Nilikuwa katikati ya ukurasa niliposikia:

"Zuhura! Ndege wanakula mpunga, wewe unakula karatasi!"

Nikainua kichwa. Kona nzima ya shamba ilikuwa imefunikwa na kweleakwelea, mabua yameinama kwa uzito wao. Nikashika kombeo, nikatupa udongo, nikapiga kelele, wakaruka. Nikarudi kwenye kitabu, nao wakarudi kwenye mpunga. Tukashinda hivyo mpaka jua likazama, na kichwani sikuwa nimeingiza hata mstari mmoja.

Kesho yake hasira ikanipa akili. Nilikuwa nalazimika kupiga kelele kutwa, sasa kwa nini nipige za bure? Nikasoma mistari michache, nikasimama, nikavuta pumzi, nikawapigia ndege, "Ateri inatoa damu moyoniii! Vena inairudishaaa!"

Ndege wakaruka wote. Na hapo ndipo Mzee Matimbwa alipouliza, "Huyo Vena ni mke wa nani?"

Bonde zima likacheka. Mwajuma alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Mimi nikaona haya, lakini ndege walikuwa wameondoka na maneno yalikuwa yamekaa kichwani, basi nikaendelea. Nikapiga kelele za mifupa, za mapafu, za ini na nyongo. Kila kundi likishuka, nalitandika kwa somo. Kufika mwisho wa wiki koo limekauka, ila nilikuwa najua vitabu vyote viwili karibu kwa moyo. Nikaanza kujisikia daktari.

Mchana mmoja Shangazi Kidawa akaniita dunguni kwake tule. Alikuwa amepika wali na kambale wa nazi. Tulipokwisha kunawa akaniangalia.

"Jana umepiga kelele za figo kutwa nzima. Haya, niambie. Figo yangu mimi inafanya kazi gani humu ndani?"

Nikakaa sawa, nikamtiririkia kama kitabu kilivyoandika, na maneno yake ya Kiingereza, bila kukosea hata moja.

Shangazi akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Hayo ni ya kitabu. Mimi nimekuuliza figo yangu."

"Ndiyo hayo hayo, shangazi, ila wewe hukusoma."

"Sikusoma, ndiyo. Na watakaokuja kwako wagonjwa wamesoma?" Hakupandisha sauti, mwanangu, na ndiyo maana ikaniuma. "Zuhura, wewe mwana wangu, sikufichi. Maneno umeyabeba, lakini hujayajua. Ungekuwa umeyajua ungenipa na mimi nikashika. Sasa ukifika huko kwa wakubwa wakakugeuzia swali kidogo tu, utawapa nini?"

Nilitaka kuondoka. Lakini mtu hawezi kushuka ngazi ya dungu kwa hasira, atavunjika. Nikabaki. Nikajaribu.

"Haya. Figo ni kama kifumbu, unavyochuja tui. Damu inapita, inachujwa."

"Machicha yanabaki kifumbuni, tui linatoka."

"Ndiyo."

"Na kinachotoka kwenye figo ni mkojo."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mkojo ndiyo tui? Tupikie wali?"

Alicheka mpaka dungu likatikisika, na mimi, hasira zote zikaisha, nikacheka naye. Lakini niliporudi kwangu lile swali halikuniacha. Kama figo inachuja, kwa nini kile kizuri hakitoki na maji? Nikafungua ukurasa ule ule niliokuwa nimeupigia kelele kutwa nzima, nikausoma pole pole, neno kwa neno, kama mtu anayetoa mwiba. Na nikaona kumbe jibu lilikuwepo muda wote, mimi nilikuwa nalipita nikiimba.

Asubuhi sikungoja hata chai. Nikamwita kutoka dunguni kwangu, "Shangazi! Figo inamwaga kwanza vingi, vizuri na vibaya pamoja, halafu inaokota vizuri inavirudisha kwenye damu! Kama wewe unavyomwaga kapu la kamba jamvini, ukaokota wazima ukawarudisha kapuni, na takataka ukazisukuma nje!"

Kisha Shangazi Kidawa akasema, "Ehee! Hiyo sasa nimeishika."

Na kutoka mbele kule Mzee Matimbwa akadakia, "Hata mimi nimeishika! Sasa nieleze, mguu wangu huu ukiukalia unakufa ganzi kwa nini?"

Tangu siku hiyo, mwanangu, bonde likawa darasa. Sikuwa nasoma peke yangu tena. Nikisoma asubuhi, mchana naulizwa. Mwajuma alitaka kujua maziwa yanatengenezwa wapi. Mzee Matimbwa alitaka kujua kila kitu, kuanzia jino hadi bawasiri, na alikuwa habishi kwa adabu, alibisha kwa nguvu. "Si kweli!" angesema. "Nithibitishie!" Nikikosea, nacheka nao, narudi kitabuni. Nikipatia, Shangazi Kidawa anapiga kigelegele kimoja, ndege wanaruka. Sijawahi kuwa na furaha ya kusoma kama ile. Hata chuoni baadaye sikuipata, na nilikuwa na wenzangu wenye akili kunishinda.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hatukucheka.

Niliona Mwajuma hatoki kufukuza ndege. Nikamwita, hakuitika. Nikashuka, nikapita majini hadi kwake. Nilimkuta amempakata Shabani, na mtoto ameharisha tangu jana. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi.

"Umempa maji?"

"Hapana. Nimeambiwa maji yanazidisha. Hata ziwa nimemnyima tangu alfajiri."

Mwanangu, nilikuwa na maneno yote ya kitabu kuhusu maji na chumvi za mwili, na yote niliyaweka pembeni. Nikamwambia, "Mwajuma, una mtungi unavuja. Ukiacha kuujaza kwa sababu unavuja, jioni utakuta nini?"

Akanitazama. Machozi yakamtoka. "Nitakuta mtungi mtupu."

"Basi. Mnyonyeshe sasa hivi. Mimi nachemsha maji."

Sukari ilikuwepo, Salumu alikuwa ametuletea kutoka mjini. Nikachanganya maji ya chumvi na sukari kama nilivyofundishwa shuleni, tukampa kwa kijiko, kidogo kidogo. Akatapika, tukangoja, tukampa tena. Mzee Matimbwa alikuwa na mtumbwi mwepesi, nikamwita atupeleke zahanati, lakini Shangazi Kidawa akasema, "Matimbwa abaki na ndege, sauti yake inahitajika. Mimi ndiye nitakayepiga kafi."

Akapiga kafi mwanamke yule, mpaka kwapa za gauni zikalowa. Mimi nikikinga jua kwa kanga, Mwajuma akimpa mtoto kijiko baada ya kijiko. Tulipofika, mkunga yule yule wa siku ya mama akampokea Shabani, akambana ngozi ya tumbo, akamtazama mdomo.

"Nani aliyekuambia umpe maji njiani?"

Mwajuma akanionyesha mimi kwa kidole.

"Vizuri," akasema mkunga, akageuka kuendelea na kazi. Vizuri tu. Lakini mpaka leo nimepewa sifa nyingi, na hakuna iliyonikaa kama ile.

Shabani alikaa zahanati mpaka akakojoa vizuri na kucheka. Siku tunarudi, tukiwa bado mtoni, tukasikia sauti ya Mzee Matimbwa ikitoka dunguni kwangu. "Ateriii! Venaaa! Figooo!" Alikuwa amehamia kwenye shamba langu kuamia ndege, akiamini kabisa kwamba ndege wa shamba lile hawasikii maneno mengine. Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kile, baada ya siku zile, kilikuwa kizuri kukisikia.

Wakati wa mtihani ulipofika, hakuna aliyeniuliza nani atabaki na shamba. Shangazi Kidawa alibeba mkeka wake akahamia kwangu, dungu lake akamwachia mwanawe. Mwajuma akanifungia mkate wa kumimina. Mzee Matimbwa akaniambia, "Wakikuuliza la jino, kumbuka nilivyobishana na wewe."

Mtihani wa kuandika ulikuwa mgumu, sitakudanganya. Yapo maswali sikuyajua kabisa. Lakini mengi, nikiyasoma, nilikuwa nasikia mtu pembeni akiniuliza, "Kwa nini?" na "Nithibitishie!" Nikaandika kama ninayejibu watu wangu.

Usaili ndio niliouogopa. Walikaa madaktari watatu nyuma ya meza ndefu, na mimi mbele yao na gauni la kuazima. Wakauliza, nikajibu. Wakageuza maswali, nikajibu. Kisha mmoja wao, mzee wa mvi, akaniuliza jambo la tezi fulani ambalo sikuwahi kulisoma mahali popote.

Nikasema, "Silijui, daktari."

Akavua miwani. "Wenzako wote niliowauliza leo wamenieleza kitu, japo hawakijui. Wewe mbona hukujaribu hata kubabaisha?"

Nikasema, bila kufikiri, "Kwetu ukibabaisha, shamba zima linakuzomea."

Wakaangaliana. "Shamba gani?" akauliza. Basi nikawaeleza, mwanangu, habari yote: dungu, ndege, Mzee Matimbwa na mke wake Vena, kapu la kamba na figo. Yule mama daktari wa pembeni alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa. Nilitoka pale sijui kama nimejiharibia au nimejitengeneza.

Nikarudi Mbuchi, nikaendelea kuamia, na mpunga ukaiva. Tulikuwa tunavuna, tumeinama wote, tulipomwona mtu anakuja kwenye tope, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, anateleza, anainuka. Alikuwa Mwalimu Komba. Alikuwa amekwenda Dar kwa shughuli zake, akapita chuoni, akaona majibu. Badala ya kutuma mtu akaja mwenyewe, kivuko, lori, mtumbwi, na mwisho tope ambalo hakulizoea.

"Hodi shambani," akasema, anahema.

"Karibu mwalimu," watu wakaitikia, hakuna anayesogea.

"Zuhura, umechaguliwa."

Aliyenitangulia kujibu ni Shangazi Kidawa. Alinyoosha mgongo, mundu mkononi, akauliza kwa ukali, "Nani kachaguliwa?"

"Zuhura, mama."

"Zuhura na nani? Mwalimu, usituibie! Tumechaguliwa sisi! Bonde hili zima limefaulu!"

Hapo vigelegele vikalipuka. Mzee Matimbwa akamkumbatia mwalimu, wote wawili wakaanguka kwenye tope, wakakaa humo humo wanacheka. Mwajuma alinipa Shabani nimshike, na yule mtoto mzito, mnene, akanivuta sikio. Baba alikuwa amesimama kando. Akanijia, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Nisamehe nilikutoa kwenye meza yako." Nikamwambia, "Baba, asante."

Nimekuwa daktari miaka mingi tangu hapo, mwanangu, na sasa nimestaafu, nakuona wewe umejifungia chumbani, hutaki kuja hata kunisalimia kwa sababu ya mtihani huu huu wa udaktari. Sikulaumu. Nami nililia siku niliyotolewa chumbani. Lakini nisikilize. Soma, usilale kwenye kusoma. Hakuna wa kukusomea. Ila ukishasoma, toka. Tafuta mtu asiyekuogopa, mama yako, bibi muuza vitumbua, yeyote, umweleze ulichosoma kwa maneno yake yeye. Akikucheka, mshukuru, amekuonyesha pale ambapo bado hujajua. Usilolijua, sema hulijui, kisha nenda ukalitafute. Na wanapokuita nyumbani kwenye kazi ya watu, usidhani umetolewa kwenye masomo yako. Hao ndio utakaowatibu. Utawajulia wapi kama si hapo?

Na siku utakapofaulu, usiseme nimefaulu. Angalia nyuma, uwahesabu na wao.

Haya, inuka uende. Mola akufungulie kifua chako, akupe ulimi mwepesi na mkono wa kuponya. Akukutanishe na watahini wenye huruma na wagonjwa wenye subira. Akulindie wazazi wako wakuone. Na wanaokuombea bila wewe kujua, awape umri mrefu wauone usoni mwako ule mwanga waliouomba. Amina, mwanangu. Amina.